Kisima cha Kumi

Mjukuu wangu ndiye anayechapa maneno haya kwenye simu. Mimi nimekaa nakunja nguo, nasema. Huwa ananikatiza, ati, "Bibi, hilo umeshasema." Kwa hiyo mkikuta jambo limesemwa mara mbili humu, jueni hapo nilimshinda.

Nawaambia nyinyi wawili, Zuhura na Nakato, mliobaki na meza yangu pale dukani Naif, Dubai. Habari za mshahara siweki, zitawavunja moyo bure. Nataka niwaeleze kazi yenyewe ilivyo, maana naona mnadhani kazi ni kuuza vitabu. Kuuza ni dakika mbili. Mtu akishakitaka kitabu atakinunua hata ukimpa mgongo. Kazi ni kujua kitabu kimetoka tumbo la nani, na mkunga wake alikuwa nani.

Mimi shule nilisoma Likoni, nikafika darasa la pili, nikatolewa nikamlee mdogo wangu. Chuoni nilikaa zaidi, nikahitimu msahafu, kwa hiyo herufi za Kiarabu nazisoma kama ninavyousoma uso wa mtu. Hizi nyingine nilizijulia ukubwani, hapa hapa Deira, kwenye makatoni ya mizigo. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa kufunga kago. Nilijua kusoma "upande huu juu" kabla sijajua kuandika jina langu.

Nilikuwa nikikaanga sambusa nyumbani na kuzipitisha madukani. Ndivyo nilivyomjua Mzee Nassor. Huyu alikuwa Mzanzibari aliyehamia Deira zamani, ana duka la madaftari, kalamu na misahafu, na nyuma kabisa kabati moja la vitabu vya Kiswahili vikuukuu. Siku moja nikamkuta ameshika kijitabu anakinusa. Nikacheka.

"Wacheka nini, bibie? Hebu nusa na wewe."

Nikanusa. Nikamwambia, "Mafuta ya taa. Na karafuu kidogo."

"Basi kimetoka nyumba yenye duka barazani," akasema. "Pua unayo. Kesho njoo kazini."

Kesho yake nikaenda kazini, nimevaa buibui jipya, mikono mitupu. Mzee Nassor akanitazama kutoka juu hadi chini, akauliza, "Na sambusa?"

Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza. Nilirudi nyumbani kukaanga.

Jambo la kwanza alilonifundisha ni kwamba kitabu hukianzi kwa kukisoma. "Kitazame kama mganga wa ng'ombe," alikuwa akisema, "mgonjwa wako hasemi." Tazama pini. Zikiwa na kutu mpaka zimeitafuna karatasi, kitabu kimeishi karibu na bahari. Tazama maua ya pembeni mwa ukurasa. Kila matbaa, yaani nyumba ya kuchapa, ilikuwa na maua yake machache ya chuma, inayatumia hadi yanachakaa. Hapo mimi nilimpita mwalimu wangu, kwa sababu yale maua ni kama pindo la kanga, na mwanamke wa pwani pindo la kanga halimpotei. Kulikuwa na matbaa moja ya Mombasa iliyokuwa na ua la petali tano, moja imevunjika. Nikiliona lile ua lenye pengo ni kama nimemwona jirani. Kuandika sikuwa mwepesi, basi nilichora. Lile daftari langu la michoro mnaloliita la watoto ndilo hilo, msilitupe.

Halafu akanifundisha kwamba matbaa ndogo za kwetu hazikuishi kwa vitabu. Ziliishi kwa kadi za harusi, na zile ratiba za Ramadhani za kubandika ukutani, zinazokwambia saa ya kula daku na saa ya kufuturu. Kitabu kilichomekwa katikati, siku za kazi chache, kwa karatasi zilizobaki. Mkiona kitabu cha mambo mazito kimevaa jalada la waridi, jueni wiki ile kulikuwa na harusi.

Vifaa vyangu mnavijua na mmevicheka. Birika la umeme. Kisu cha siagi kisicho na meno. Brashi ya kupakia yai mikate, mpya, haijawahi kuona yai. Penseli laini. Na vile vipakiti vyenye punje vinavyowekwa ndani ya viatu vipya ili visiingie ukungu. Wenye maduka ya viatu hapa Naif wananiwekea mifuko mizima, nami navipanga kabatini nyuma ya vitabu, maana miezi ya joto unyevu wa hapa unakula karatasi hata esii ya kupoza hewa ikiwaka. Tajiri mmoja wa viatu aliniuliza kwa Kihindi chake na Kiarabu chake kama vile vipakiti navila. Nikamwambia khalas, leta tu.

Na maktaba yangu ilikuwa hoteli za Naif, pale chini kwenye makochi, wanapokaa wafanyabiashara wa kwetu wakingoja mizigo. Mtu wa Tanga yupo, wa Lamu yupo, wa Kampala yupo. Unamkalia karibu unamuuliza, kwenu mtaa gani, nani alikuwa akitunga nyimbo za harusi, nani alikuwa na mtambo wa kuchapa, mtoto wake yuko wapi. Wanajua wengi, ila hakuna aliyewahi kuwauliza. Lakini sikilizeni: muulizeni mtu baada ya mzigo wake kupimwa. Kabla mzigo haujapimwa hana babu wala bibi.

Na penseli. Mzee Nassor aliniachia sheria moja, kwamba kitabu kikiingia dukani, juu ya ukurasa wa kwanza uandike kwa penseli jina la mtu aliyekileta. Ukitaka kujua kimeokotwa wapi, una pa kuanzia. Jina tu, inatosha, maana sisi dukani tunajuana. Nilifanya hivyo miaka yote. Mzee Nassor akarudi Unguja kupumzika, Mungu akamchukua huko, nami nikaendelea na penseli yake.

Sasa nije kwenye kile kisa ambacho kila mkiniuliza nasema kesho.

Badi Mwinyi mnamjua. Yule mnunuzi wa mashuka na vifuniko vya simu, anayecheka kabla hajamaliza hadithi. Mtu wa Mkunguni, mji mdogo huko kwetu pwani ya kusini. Zamani kidogo nyumba ya babu yake Mkunguni ilibomolewa, na Badi alipokuja Dubai kununua mali akanibebea katoni la makaratasi yaliyotoka humo, akijua atapata chai na sambusa. Kati ya magazeti yaliyotafunwa na mchwa kulikuwa na vijitabu viwili, sawa sawa kama pacha. Jalada la waridi. Pembeni, ua lenye pengo. Jina lake, Visima Kumi vya Mkunguni.

Nilikipenda tangu ukurasa wa kwanza. Kila kisima kinaelezwa kimechimbwa na nani, ukoo gani ulihamia kwa ajili yake, nani aligombana na nani kwenye kamba. Mji mzima na mambo yake, unaupitia na ndoo mkononi. Mtungaji hakujitaja. Mwisho pameandikwa tu, "Ametunga mja dhalili asiyependa kutajwa." Mambo ya kwetu hayo, watu walikuwa wakiona haya kuweka jina mbele. Basi mimi nikachukua penseli, juu ya ukurasa wa kwanza nikaandika Badi Mwinyi, kwenye vyote viwili, nikaviweka kabatini.

Kisha nikavihesabu visima. Tisa. Nikarudia, tisa. Wateja wakiniuliza cha kumi kiko wapi, mimi na mdomo wangu huu nikawa nawaambia, cha kumi ni kisima cha elimu, ndicho kitabu chenyewe. Wakatikisa vichwa kwa raha. Mmoja aliandika kwenye daftari. Mungu anisamehe, maneno yale niliyatunga pale pale huku natafuta miwani.

Kimoja kikanunuliwa na mgeni kutoka nyumbani, mtu wa mambo ya shule. Akakipiga picha kurasa zote, akawatumia wenzake. Mimi nikamsahau.

Miaka ikapita. Mwaka jana, siku ya joto kali, akaingia msichana na sare ya ulinzi, amelowa. Anaitwa Saida. Analinda ghala Jebel Ali, na siku yake ya ofu amepanda metro mpaka kwetu badala ya kulala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti kwanza. Maji hayo."

"Nimeambiwa wewe ndiye unajua vitabu vya kwetu Mkunguni." Akanipa simu. "Hebu ona hii."

Ilikuwa picha ya jalada jipya. Visima Kumi vya Mkunguni, na chini yake, Mtungaji: Mzee Badi Mwinyi.

"Kaunti inakichapa upya, kiende mashuleni," akasema. "Baada ya Ijumaa mbili kinaingia mtamboni. Bibi, hicho kitabu alitunga nyanyangu."

Nilikuwa sitazami kitu ila lile jina. Penseli yangu hiyo. Wameona jina juu ya ukurasa, kwenye picha za yule mgeni, wakauliza, wakaambiwa ndiyo, mtu huyo yupo kweli Mkunguni, na akina nani watajua kwamba huku Naif jina la juu ni la mbeba katoni?

Nikamwambia ukweli. "Saida mwanangu, aliyemfanya Badi mtungaji ni mimi."

Nilingoja anifokee. Akanywa maji, akauliza, "Kwa hivyo unaweza kumfanya asiwe?"

"Nyanyako mwenyewe anasemaje?"

"Anasema tuwache. Ati kitabu chenyewe kilikatwa kidole, sasa wakikivalisha jina la nani ni sawa tu. Lakini, bibi, anakaribia miaka tisini. Kila asubuhi anavitaja visima kimoja kimoja kama anavuta tasbihi. Jicho moja limeshakwenda. Mimi nataka akione kina jina lake kabla hili lingine halijaenda."

"Ana karatasi yoyote?"

"Hana. Ana kichwa tu."

Bahati Badi alikuwa hapa hapa, kwenye hoteli yake ya kila siku, anangoja mzigo. Nikampigia. Akaja amevaa koti. Koti zito, la kijivu, katika joto lile, na watu njiani wanampisha wakidhani mgonjwa.

Nikamuuliza mbele ya Saida, "Badi, wewe umetunga kitabu?"

"Bi mkubwa, mimi hata barua ya posa niliandikiwa."

"Mbona hukuwaambia watu wa kaunti?"

"Niliwaambia. Siku ya kwanza tu nikasema wallahi si mimi. Wakatazamana. Wakafungua ukurasa wa mwisho, wakanisomea, 'mja dhalili asiyependa kutajwa.' Nikakataa tena, kwa ukali. Mmoja akafuta machozi." Akajifuta jasho. "Kila nikikataa wananipenda zaidi. Mara ya tatu wakanifanyia hafla, wakanipa koti hili. Baada ya koti nikanyamaza."

Saida alikuwa amekuja na hasira yake yote, nikamwona ameziba mdomo kwa mkono.

"Na mkeo?" nikauliza.

"Miaka thelathini ananiita 'wewe'. Sasa ananiita mtungaji. Ungekuwa ni wewe, bi mkubwa, ungerudi kwenye 'wewe'?"

"Mjomba," Saida akasema pole pole, "nyanyangu kwa hicho kitabu hajawahi kuitwa chochote."

Badi akavua koti, akalitundika nyuma ya kiti. "Sema nifanye nini. Maneno yangu hayafai tena. Nileteeni kitu ambacho hata wao hawataweza kukiita unyenyekevu."

Hapo sasa ndipo kazi inapoanza, na ndiyo sababu nawasimulia.

Kijitabu cha pili kilikuwa bado kabatini. Lile jalada lake la waridi lilikuwa limenisumbua tangu zamani, kwa sababu karatasi ya kadi za harusi ni nyepesi, na hili lilikuwa gumu kama kadibodi. Mzee Nassor alikuwa akisema jalada likiwa nene kuliko hadhi ya kitabu, kuna kitu kimelala ndani. Matbaa zile zilikuwa zikibandika karatasi mbovu nyuma ya jalada, zilizoharibika mtamboni, ili lisimame. Nilijua hilo miaka yote na sikuwahi kufungua. Ukifungua unaweza kupasua, na ukipasua ndiyo basi. Nikawaambia wote wawili hivyo hivyo. Cha kwanza kilikwenda na yule mgeni, hiki ndicho pekee ninachojua kipo. Kikichanika, hata hicho kidogo tulichonacho kimekwenda.

Saida akasema, "Weka birika."

Tazameni basi inavyofanywa. Mvuke usiuelekeze kwenye karatasi moja kwa moja, weka kitambaa katikati. Usivute. Gundi yenyewe ichoke, ndipo upitishe kisu kwa ubapa kama unamfunua mtoto aliyelala. Gundi ilikuwa ya unga wa ngano, ikaanza kunukia kama uji. Saida alishika ncha mbili. Badi nilimkataza kusema, akaweza karibu dakika nne.

Jalada la mbele likaachia. Ndani yake, ratiba ya Ramadhani, kwa Kiarabu, imeharibika kwa kuwa siku ya kumi na nne imechapwa mara mbili. Pale juu, mwaka. Saida na Badi wakanitazama. Mimi wa darasa la pili.

"Badi," nikasema, "ulizaliwa lini?"

Akanitajia mwaka. "Na mamangu alisema Ramadhani ilimkuta na mimi mchanga, hakufunga hata siku moja."

Nikauhesabu kwa vidole kwenda kwenye mwaka wa Kiislamu, vidole vikaisha, nikaazima vya Saida. Ulikuwa mwaka ule ule. Na karatasi mbovu hazilali matbaa, kabla ya Iddi ya pili zote zimeshapata kazi.

"Kitabu hiki kinachapwa," nikamwambia, "wewe huenda hata siku arubaini hujatimiza."

"Basi nilitunga nikiwa kwenye nepi," Badi akasema. "Hapo hata wao watashindwa."

Saida hakucheka. "Sawa, si yeye. Lakini bado haijasema ni nyanya."

Nikageuza jalada la nyuma. Hili lilikuwa bishi. Maji ya birika yakaisha, tukachemsha mengine. Lilipoachia, nikaona herufi za kitabu chenyewe, na pembeni ua letu lenye pengo. Ukurasa ulioondolewa. Juu pameandikwa Kisima cha Kumi.

Nikaufunika kwa kiganja kabla hawajausoma. Miaka yote nimewaambia watu cha kumi ni elimu, na kumbe kilikuwa kimelala kabatini mwangu, nyuma ya vipakiti vya viatu.

"Mpigie nyanyako," nikasema. "Sasa hivi, kabla hujasoma neno. Na usimwambie tumeona nini."

Saida akapiga ile simu ya kulipia, maana zile za bure hapa hazishiki. Akaweka sauti kubwa. Kikongwe akapokea, nyuma yake jogoo anawika bila adabu.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Nyanya, hebu nambie kisima cha kumi."

"Nani kakwambia kipo?"

"We nambie tu."

Akavuta pumzi, akaanza, na mimi nikainua kiganja nikamfuata kwa kidole. Alisema: "Kisima cha kumi kiko nyuma ya msikiti mdogo. Watu hukiita cha Mwinyi, lakini kimechimbwa na Tausi, aliyekuwa mtumwa wa nyumba hiyo, mwaka alioachwa huru. Alichimba peke yake miezi mitatu, kwa sururu ya kuazima. Maji yalipotoka yalikuwa matamu kuliko ya visima vyote. Tausi akasema, mwenye kiu anywe, na asiulizwe ni wa nani."

Neno kwa neno. Isipokuwa mahali pamoja, na kabla sijafungua mdomo akasema mwenyewe, "Hapo kwenye sururu mchapaji aliweka jembe. Nilimgombeza. Nani kachimba kisima kwa jembe?"

Karatasi ilisema jembe.

Saida alikuwa amegeukia kabati, mabega yanamcheza. Mimi nilikuwa namtazama Badi. Kwa sababu Mwinyi ni babu yake, ile nyumba ni ile iliyobomolewa, na kile kisima watu wa Mkunguni mpaka leo wanakiita kwa jina la ukoo wake.

"Nyanya, kwa nini kilitolewa?" Saida akauliza.

"Mwinyi mkubwa alikwenda matbaa na bakora. Akasema kisima chake, karatasi hiyo itoke. Ikatoka. Tausi nilimjua, mwanangu, mwenyewe ndiye aliyenisimulia, mikono yake ilikuwa kama mizizi. Basi nikamwambia mchapaji, akitoka Tausi na mimi natoka. Andika mja dhalili."

Oneni mambo. Sote miaka yote tuliita unyenyekevu, kumbe bibi wa watu alikuwa amekasirika.

Badi akasogea kwenye simu. Sauti yake sikuijua. "Shikamoo, Bi Mwanahawa. Ni Badi hapa, mjukuu wa Mwinyi."

"Marahaba. Ndiye wewe mtungaji?"

"Nilikuwa, mama. Nimeacha leo asubuhi."

"Na kisima?"

Badi akaitazama ile karatasi. "Babu yangu hakushika jembe maisha yake, mama. Wala sururu. Nyumbani sote tulijua."

"Basi akirudi Tausi, na mimi narudi," Bi Mwanahawa akasema. "Asiporudi, niacheni nilivyo." Akamuuliza Saida tena kama amekula, akakata.

Badi ndiye aliyezipeleka nyumbani. Karatasi zote mbili nilizilaza kati ya zile kadibodi zinazotoka kwenye mashati mapya, nikafunga kwa utepe. Mzigo wake wa mashuka aliuacha ufuate nyuma. Alisimama mbele ya ile kamati ya kaunti na koti mkononi, akasema si yeye. Wakaanza tena kutazamana. Akawawekea ratiba mezani, wakaenda kumwita maalimu awasomee mwaka, wakahesabu. Kisha akawasomea kisima cha kumi mwenyewe, kwa sauti, na jina la babu yake ndani. Ami zake wawili hawakusema naye mpaka Iddi. Koti, kamati ikamwambia abaki nalo.

Mtambo ulichelewa kwa ajili ya ukurasa mmoja, lakini ulichapa.

Wiki ya mwisho kabla sijawaachia meza, Badi akaingia na Saida nyuma yake, ofu yake tena. Akatoa kitabu kwenye mkoba. Jalada la waridi, waliomba hivyo hivyo. Juu yake, Bi Mwanahawa binti Athumani. Saida akanisimulia nyanyake alivyokipokea. Alikisogeza karibu na lile jicho, jina lake akalipita kama hakuliona, akaenda moja kwa moja nyuma kabisa, akatafuta kwa kidole mpaka akaikuta sururu. Ndipo akarudi mbele kusoma jina.

Nikamuuliza Badi mkewe anamwitaje siku hizi.

"Amerudi kwenye 'wewe'," akasema. "Lakini analisema kwa upole."

Nikachukua penseli, nikafungua ukurasa wa kwanza, kama kawaida yangu. Nikaandika Badi Mwinyi. Badi akaushika mkono wangu kabla sijaweka penseli chini.

"Safari hii malizia."

Nikaandika, aliyeleta.

Akainama kusoma, akatikisa kichwa. "Ongeza 'tu', bi mkubwa. Watu wa kwetu unawajua."

Nikaongeza.